Nipo Istanbul wiki ya tatu, wana kusini mliotangulia nje mlizoeaje?

Mtoto wa Tandahimba:
Habari zenu wakuu, hasa wana Mtwara Kuchele na wale wa Lindi. Mi nimetoka Mtwara nimekuja huku kusoma, na bado kichwa kinazunguka. Nilijua mji una watu zaidi ya milioni 15 wakati mkoa wetu mzima sensa ya 2022 hatukufika hata milioni 2, ila hiyo namba sikuielewa mpaka niliposimama kituo cha mwendokasi yao saa 12 jioni. Linakuja basi limejaa, la pili limejaa, la tatu nikaingia kwa kubebwa, nahisi miguu ilikanyaga chini kituo cha pili.

Kilichonivuruga zaidi ni salamu. Naingia dukani, katoto ka miaka kama 13 kananiangalia usoni kananiambia "merhaba". Nikaganda. Mi sijakaamkia, na kama ni kuamkiana kenyewe ndo ka kunipa shikamoo, sasa kananiitikia marahaba mimi?? Kumbe kwao ndo salamu ya kila mtu, mkubwa kwa mdogo.

Halafu kuna haisi za njano wanaita dolmuş, hazina konda. Wa nyuma anamgusa wa mbele bega anampa hela, inapita mkono kwa mkono mpaka kwa dereva na chenji inarudi hivohivo, haipungui. Hebu jaribuni Mtwara Masasi mnipe majibu 😂

Ila usiku ndo shida, na hili jua la huku linawaka kabisa halafu halina joto, kama taa tu. Mlizoea baada ya muda gani?

BintiMikindani:
Hahaha hiyo merhaba imeniua. Mdogo wangu mi nimekaa huko miaka miwili nimesharudi. Lugha isikutishe, Kiarabu tumekopa wote, sabuni wanasema sabun, dunia dünya, kitabu kitap, saa saat, shika hizo kwanza.

Mi nilizoea siku niliyopanda feri, sio darasani wala bwenini. Nenda Kadıköy, panda ya Eminönü, kadi ni ileile ya basi, kaa nje hata kama baridi, chukua chai kile kiglasi kidogo na mkate wa simit, ndege wa baharini wanakufuata mpaka ng'ambo wanasubiri uwarushie. Nilijiona nipo kwenye pantoni la Msanga Mkuu kwetu Mtwara, imebaki mtu na kuku wake tu. Kuna siku upepo wa kusini ulivuma, wanauita lodos, feri zikasimama. Nikasema kumbe kusi halina mji, likivuma hata huku watu wanalala ng'ambo. Ikabidi nipande treni ya Marmaray ile iliyoanza 2013, inapita CHINI ya bahari, nilisoma Ayatul Kursiyu sijui mara ngapi.

Msambaa Dunia:
Afadhali yenu mnasikia adhana. Mi Guangzhou mwaka wa nne, ghorofa ya 27, jirani yangu namjua kwa viatu tu anavyoacha mlangoni.

Mzee wa Salfa:
Wewe kijana wa Tandahimba. Korosho huko zipo?

Mtoto wa Tandahimba:
Asante dada, Jumamosi naenda hiyo feri.

Shikamoo mzee. Zipo! Eminönü kuna soko la zamani la viungo, zimemwagwa kilima pembeni ya zabibu kavu, nyeupe, nzima nzima, wanaita kaju. Bibi yangu mpaka leo anasema kanju, nikasikia kama naitwa nyumbani. Nikamwonesha muuzaji kwa ishara kwamba hizi kwetu tunalima, tunapulizia dawa ya salfa, tunaokota, akacheka akasema "Hindistan?", yaani India. Nikamwambia Tanzania bwana, Tanzania! Akanipa mbili nionje, chumvi imezidi. Anapima kwa kijiko gramu 100, na bei yake mzee ukiisikia mnada ujao utaibeba korosho ghafi yako urudi nayo nyumbani. Paka nao wamejaa hapo sokoni, wanalala juu ya magunia na hakuna anayewafukuza

Mzee wa Salfa:
Marahaba. Mambo ya paka sijauliza. Kilo nzima shilingi ngapi?