The Iceman: huyu jamaa kweli aliua watu zaidi ya 100, au tumetiliwa chumvi?

Fundi Redio:
Wakuu salaam. Jana usiku nimeirudia The Iceman, ile ya 2012, Michael Shannon akiwa Richard Kuklinski, muuaji wa kukodiwa wa New Jersey. Zamani niliiona kibandani ikiwa ya kutafsiriwa, na yule DJ alivyokuwa anachombeza nikatoka najua ni vichekesho. Safari hii nimetulia. Pale James Franco analia anamwomba Mungu, na steringi anampa muda asali kabisa, nione kama Mungu atashuka, nilizima nikaenda kunywa maji kwanza.

Swali langu: wanasema ni kisa cha kweli, na kila ninaposoma naambiwa aliua zaidi ya 100. Nyumbani mke anajua mumewe anafanya kazi ya katuni za Disney! Inawezekana kweli mtu aue mia halafu jioni akae mezani na watoto?

Afande Mstaafu:
Kijana, mimi nimetembea na funguo za gereza kiunoni mpaka nikastaafu, kwa hiyo nitakujibu kama askari.

Anza na yaliyofika mahakamani. Alikamatwa tarehe 17 Desemba 1986 karibu na kwake, mji wa Dumont, mke akiwa naye garini. Aliyemnasa ni Dominick Polifrone, askari kanzu aliyejifanya mhuni mwenzao. Kuklinski alimwomba amtafutie sumu ya sayanaidi, na mazungumzo yalikuwa yanarekodiwa. 1988 akatiwa hatiani kwa mauaji mawili, akakiri mengine mawili. 2003 akakiri la tano, la mpelelezi wa polisi wa New York aliyeuawa 1980. Basi, ni watano. Wengine wote hadi hao 100, na mahali pengine 200, wametoka kinywani mwake mwenyewe.

Sasa waangalie hao watano. Wawili walikuwa wenzake katika genge la wizi, akaona watamchoma. Mmoja alikuwa mtu wake wa biashara. Mwingine alikuwa mfanyabiashara wa Pennsylvania aliyekwenda na fedha taslimu kununua kanda tupu za video. Hapo hakuna bosi wa mafia aliyepiga simu, ni dhuluma na kuficha siri tu. Yule mpelelezi peke yake ndiye anayefanana na kazi ya kukodiwa, tena kwa maelezo ya Kuklinski. Filamu imegeuza, inamwonyesha kama mwajiriwa wa Roy DeMeo, mtu wa mafia wa New York, anayeletewa majina.

Mmoja wa wale wa genge la wizi alilishwa sayanaidi ndani ya chakula, kwenye chumba cha moteli North Bergen. Sumu ikachelewa, wakammalizia kwa kumnyonga na waya wa taa. Maiti ikasukumwa chini ya kitanda, chumba kikaendelea kupangishwa, wageni wakilala juu yake na kulalamikia harufu.

Na jina la Iceman, yaani mtu wa barafu? Yule wa kanda alipotea Julai 1981, mwili ukaokotwa Septemba 1983. Daktari alipopasua akakuta chembe za barafu ndani ya nyama, wakati nje ni joto. Jamaa alikuwa ameugandisha ili ionekane marehemu kafa juzi juzi, ila hakuusubiri mwili uyeyuke.

Kuhusu ile mia: mfungwa anayetarajia kutoka kesho kutwa atakuapia hajawahi kuchinja hata kuku. Wa maisha, asiye na cha kupoteza, mletee mgeni mwenye daftari uone kesi moja inavyozaa tatu. Huyu aliletewa televisheni ya HBO na kamera, vipindi vikaonyeshwa 1992, 2001 na 2003. Akaendelea hadi kudai ndiye aliyemuua Jimmy Hoffa, yule kiongozi wa chama cha wafanyakazi aliyetoweka, na wapelelezi hawakumwamini.

Mama Wawili:
Shikamoo Afande. Mimi sikuumia na hesabu, nimeumia na huyo mke. Winona Ryder kwenye filamu anaitwa Deborah na maisha yake ni gauni zuri na nyumba nzuri, mume anafumuka mara chache tu. Mke halisi, Barbara, alishawaeleza waandishi wa habari jinsi alivyopigwa miaka na miaka, hadi kuvunjwa pua. Na watoto walikuwa watatu, yupo na wa kiume, filamu imebakiza mabinti wawili.

Yaani mambo ambayo hakuna aliyeyaona isipokuwa muuaji, wameyaamini wakayatengenezea picha. Yale ambayo mke aliyaona kwa macho yake wameyafunika, ili tupate baba mwenye mapenzi na familia.

Kijiwe Nongwa:
Sasa nyie mnataka filamu iwe hati ya mashtaka? Shannon kaua mle ndani, uso mmoja saa nzima na bado unaogopa. Cha kulaumu ni ule mkia wa nywele wa David Schwimmer. Nilicheka kwenye tukio la kuuawa mtu.

Afande Mstaafu:
Marahaba mama, umenena kuliko mimi.

Nongwa, kuigiza wameigiza, marehemu Ray Liotta, yule DeMeo wa filamu, naye hakuwa na mpinzani kwenye kazi hizo. Tatizo ni kijana aliyeuliza kama ni kweli, nikamjibu.

Fundi Redio:
Nashukuru wakuu. Na kifo chake je? Mwisho wanaandika kama alimalizwa.

Afande Mstaafu:
Alifia hospitali Trenton, Machi 2006, ana miaka 70, bado mfungwa. Uvumi wa sumu ulitokana na kwamba alikuwa shahidi dhidi ya Sammy Gravano, aliyekuwa mkubwa wa mafia, katika kesi ya yule mpelelezi. Alipokufa, mashtaka dhidi ya Gravano yakafutwa. Watu wakaunganisha wenyewe.

Ukitaka kumwona bila mapambo, tafuta kile kipindi cha HBO cha 2003, yuko na daktari wa akili anaitwa Park Dietz. Kwenye vile vingine anasimulia anavyotaka. Hapo Kuklinski ndiye anayeuliza, anataka aambiwe kwa nini yuko vile. Daktari anamjibu bila kumbembeleza: kuzaliwa na moyo usioogopa, ukajumlisha na kipigo cha baba. Muangalie usoni anavyosikiliza.

Kijiwe Nongwa:
Hicho nakitaka. Mwenye nacho aseme yuko wapi, bando langu halishushi kitu, nitamfuata na flashi.

Mama Wawili:
Ukikipata nipitishie na mimi. Hizo filamu zako za kutafsiriwa baki nazo.