Mzee amefariki, kaacha madeni: nani anapaswa kulipa?

Mchungwa_Muheza
Wakuu, habari. Mzee wetu amefariki, tuko Muheza, sisi ni Waislamu na hakuacha wasia. Kaacha nyumba, shamba la michungwa na fedha kidogo benki. Madeni: mkopo wa wastaafu benki, saruji na mabati ya dukani, na kuna mtu anashikilia karatasi za shamba akidai alimkopesha mzee. Wadai wanatufuata sisi watoto, na kaka mkubwa anataka shamba liuzwe upesi yaishe. Je, madeni haya ni yetu? Tuanzie wapi?

Karani_wa_Zamani
Poleni sana na msiba. Deni ni la marehemu na hulipwa kwa mali ya marehemu. Mtoto halipi kutoka mfukoni mwake, labda awe alisaini kama mdhamini au mkopaji mwenza. Kwa hiyo msimwandikie mdai yeyote karatasi ya "nitalipa", maana hapo mnajitwisha deni lisilo lenu.

Shamba lisiguswe. Hakuna mwenye mamlaka ya kuuza mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi. Mnunuzi wa kabla ya hapo ananunua kesi.

Fanyeni kikao cha familia, muhtasari uonyeshe mnampendekeza nani na wote wasaini. Chukueni cheti cha kifo RITA (wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo). Kisha nendeni Mahakama ya Mwanzo ya eneo alikokuwa akiishi mzee, mjaze Fomu Na. 1, ya kuomba usimamizi wa mirathi. Mahakama itatoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Msimamizi akiteuliwa hupewa Fomu Na. 4, yaani hati ya uteuzi wake, na hiyo ndiyo benki watakayoitaka. Ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe anawasilisha Fomu Na. 5, yenye mali zote na madeni yote. Hapa ndipo familia nyingi zinapokwama: wanaorodhesha mali, madeni wanayaacha, wanagawana. Mdai akija baadaye, anayeitwa kujieleza ni msimamizi. Andikeni pia watu waliokuwa wakidaiwa na mzee, kwani kuyakusanya madeni hayo ni wajibu wa msimamizi vilevile. Hesabu za mapato na malipo zinaingia Fomu Na. 6.

Dawati_la_Mikopo
Huo mkopo wa benki msikimbilie kuulipa. Mikopo ya wastaafu kwa kawaida hukatiwa bima ya maisha ya mkopaji, na makato yake huonekana kwenye mkataba au taarifa ya akaunti ya siku mkopo ulipotoka. Pelekeni taarifa ya kifo kwa maandishi mapema, mkibaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, pamoja na nakala ya cheti cha kifo. Madai hukwama kwa kuchelewa kutoa taarifa, marejesho yaliyokuwa nyuma, umri uliopita kikomo cha bima, au ugonjwa uliofichwa kwenye fomu. Wakikataa, dai sababu kwa maandishi.

Toeni taarifa na kwa mfuko wa pensheni. Pensheni inayoingia baada ya kifo hurudishwa, kwa hiyo asitokee mtu wa kutoa hela kwa kadi ya marehemu.

Bint_Faraidhi
Kwa sharia yetu mpangilio ni huu: mazishi kwanza, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi moja, ndipo warithi. Kilicholipwa na rambirambi msikiandike tena kuwa gharama ya mazishi.

Naomba msisahau mahari. Kama bi mkubwa hakumaliziwa mahari yake, hilo ni deni kamili, yeye ni mdai kama mwenye duka, na fungu lake la urithi liko palepale. Wajane wengi hunyamaza kwa staha, haki yao ikapotea. Muulizeni nyinyi.

Mali isipotosha, wadai wasio na dhamana hugawana kwa uwiano. Tuseme baada ya mazishi na gharama za mirathi imebaki 12,000,000 na madeni ni 16,000,000: kila mmoja anapata asilimia 75. Wa duka anayedai 4,000,000 atapokea 3,000,000. Ukimlipa mmoja yote kwa sababu anapiga kelele, umewadhulumu wengine.

Mchungwa_Muheza
Ahsanteni mno. Na huyu mwenye karatasi za shamba? Hana shahidi.

Karani_wa_Zamani
Kushika karatasi hakumfanyi mwenye shamba. Hawezi kujitwalia wala kuliuza mwenyewe. Akitaka zaidi aende mahakamani. Msimamizi amwandikie barua kumtaka alete mkataba, kiasi, tarehe, na ushahidi wa fedha kutoka, hata ujumbe wa simu. Tarehe ina uzito: shauri la deni la mkataba lina ukomo wa miaka 6. Someni vizuri karatasi yenyewe kama imeandikwa "mkopo" au "mauziano", maana wakopeshaji wengine humsainisha mzee hati ya kuuza. Mkiikuta hiyo, tafuteni wakili kabla ya kumjibu.

Deni lake likithibitika, alipwe kwenye mirathi, asaini stakabadhi na arudishe karatasi palepale mbele ya mashahidi wawili. Wa duka naye aje na daftari lake.