Jibini haikazi ingawa maziwa yanapita vipimo: je, chanzo ni seli za mwili?

Msindikaji, Njombe
Ndugu zangu, kwa wiki tatu sasa maziwa ninayosindika yanachelewa kuganda, na donge nikishalikata linabaki laini kama uji, huku maji yanayochujika yakitoka meupe badala ya kuwa na rangi ya kijani iliyofifia. Maziwa hayo yanapita kipimo cha alkoholi (cha kuona kama yameanza kuchachuka) na cha laktomita (cha kuona kama yametiwa maji), nami huyapasha moto nyuzi 63 kwa dakika 30. Nimeambiwa huenda chanzo ni seli za mwili wa ng'ombe zilizomo kwenye maziwa. Kama seli hizo si vijidudu, zinawezaje kuharibu jibini hata baada ya moto huo?

Daktari wa mifugo
Nyingi ya seli hizo ni chembechembe nyeupe za damu zinazokimbilia kiweleni kupambana na maambukizi. Kiwele kizima huwa na chini ya 100,000 kwa mililita. Zikivuka 200,000, kwa kawaida kuna robo ya kiwele (sehemu moja yenye chuchu yake) inayoumwa hata kama huoni uvimbe wala mabonge. Hapo kimeng'enya kiitwacho plasmini huvuja kutoka kwenye damu na kuanza kukatakata kaseini, yaani protini inayolishikilia donge. Moto wako unaua vijidudu, lakini plasmini inaustahimili. Kaseini iliyokatika huondoka na maji, na ndiyo weupe unaouona.

Mfugaji, Limuru
Daktari amesema kweli, ila keni ya mchanganyiko huficha mengi. Mimi hukamulia kila robo kwenye kisahani chake, nikatia dawa ya CMT (kipimo cha kugundua ugonjwa wa kiwele) kwa kiasi kile kile, kisha nikazungusha. Robo mbovu hugeuka ute kama wa yai. Ng'ombe aliyenishangaza ndiye aliyekuwa amenawiri kuliko wote, na tangu siku hiyo hukamuliwa wa mwisho.

Msindikaji, Njombe
Asanteni sana. Leo nimepima keni tano mapokezini, mbili zikatoa ute. Nimezitenga, na donge la zile tatu limekatika vizuri. Je, hizo mbili zinafaa kwa mtindi?

Daktari wa mifugo
Mtindi unaweza kuganda, lakini mara nyingi huachia maji mapema na kuingiwa na uchungu ukikaa. Kwanza waulize wenye keni kama kuna ng'ombe aliyechomwa sindano ya antibiotiki, kwa sababu maziwa yake hayafai kunywewa kabla siku za dawa hazijaisha, na hata bakteria wa kugandisha mtindi hufa humo.