Vitamini D majira ya baridi Uingereza: mama anayenyonyesha na watoto wawili

mkazi_Leeds
Habari zenu. Saa kumi jioni huku giza tayari. Nina mtoto wa miezi 5 anayenyonya tu, mwingine wa miaka 3, nami nikitoka najisitiri mwili mzima. Nimekuta chupa moja ya vitamini D imeandikwa IU 1000, nyingine mikrogramu 25. Ipi kali zaidi? Watoto niwape kiasi gani? Na jua likichomoza, kukaa nao dirishani hakutoshi?

Lishe_na_Dawa
Dada, chupa hizo nguvu yake ni moja. IU na mikrogramu ni vipimo viwili vya kitu kilekile: mikrogramu 1 ya vitamini D ni IU 40, kwa hiyo 25 ni 1000.

Dirishani hapana. Kioo kinapitisha mwanga lakini kinazuia UVB, na ndiyo mionzi inayotengeneza vitamini D kwenye ngozi. Hata nje, tangu Oktoba hadi Machi jua la Leeds linakaa chini mno na UVB nyingi inaishia angani. Simama nje adhuhuri: kivuli chako kikikuzidi urefu, usitegemee kupata cha maana. Ngozi nyeusi nayo inahitaji jua refu zaidi, kwa kuwa melanini, rangi ya asili ya ngozi, hufyonza mionzi hiyohiyo. Ndiyo maana NHS, huduma ya afya ya Uingereza, inawashauri wenye asili ya Afrika, pamoja na wanaojifunika, wafikirie kumeza mikrogramu 10 kila siku mwaka mzima, si baridi peke yake.

Wewe basi 10, hata unaponyonyesha. Wa miaka 3 naye 10. Mchanga 8.5 hadi 10, maana maziwa ya mama yana vitamini D kidogo sana. Akija kuanza maziwa ya kopo ya watoto wachanga na kupita ml 500 kwa siku, acha matone ya vitamini D, maziwa hayo yameshaongezewa. Vidonge vyako vya 25 ni salama kwako, kikomo cha mtu mzima ni 100 kwa siku. Kwa aliye chini ya mwaka, 25 ndiyo kikomo chenyewe, kwa hiyo usimgawie.

tone_kwa_tone
Niongeze kwenye matone, maana hapo ndipo watu wanapokosea. Kuna chupa ambayo dozi ni tone moja, na nyingine dozi ni ml 0.3 au zaidi kwa bomba. Ukibadilisha chupa ukaendelea na kipimo cha zamani, unamzidishia mara kadhaa au humpi kitu. Soma "kwa dozi", si "kwa ml". Usiweke kwenye chupa ya maziwa: yanabaki yamenata ndani ya chupa, na mtoto asipomaliza hujui kapata kiasi gani. Dondoshea kijiko, au kwenye chuchu kabla hajanyonya.

Wewe meza pamoja na chakula chenye mafuta, siyo na chai tupu asubuhi. Kama unajali halali, angalia ganda: jelatini nyingi ni ya nguruwe au ng'ombe asiyejulikana kachinjwaje. Vidonge vikavu au dawa ya kupuliza mdomoni huondoa shida hiyo.

mkazi_Leeds
Asanteni sana. Shangazi ananisisitiza ninunue IU 50,000 za kila wiki mtandaoni, kwa sababu mifupa inaniuma. Na samaki je?

Lishe_na_Dawa
Shangazi ana nia njema, lakini hiyo ni dozi ya tiba. Omba kipimo cha damu kwa GP, yaani daktari wako wa kawaida. Chini ya 25 nmol/L ni upungufu, 25 hadi 50 huenda hazitoshi, juu ya 50 zinatosha wengi. (Jibu likija kwa ng/ml, zidisha kwa 2.5.) Ukionekana una upungufu, daktari huandika jumla ya IU 300,000 hivi, zikigawanywa kwa wiki 6 hadi 10, kisha unarudi kwenye dozi ndogo. Ukijimezea tu, kalsiamu inapanda: kiu, mkojo mwingi, kichefuchefu, mwishowe figo. Mweleze daktari pia kama una mawe ya figo, au unatumia rifampisini au dawa za kifafa kama fenitoini, kwani hizi huharakisha kuvunjwa kwa vitamini D mwilini.

Samaki wenye mafuta, sadini, vibua, salmoni, wanasaidia, ila huwezi kuwala kila siku. Jodari wa kopo hana kitu cha kutegemea. Maziwa ya dukani Uingereza kwa kawaida hayaongezewi vitamini D, tofauti na Kanada, kwa hiyo ukipata ushauri wa huko usiufuate hapa.

tone_kwa_tone
Na mafuta ya ini la samaki, yale ya kijiko, yana vitamini A nyingi. Ukipata ujauzito tena, usiyaguse.