Tupeane uzoefu: kusindika nyumbani kwa chupa za vyakula vya dukani

Wapendwa, kabati langu limejaa chupa za jemu, mayonesi na achari za kununua, na kuzitupa roho inaniuma. Juzi nilizijaza rojo la nyanya nikazichemsha. Kati ya 6, moja ilikatika kitako humohumo majini, 2 vifuniko havikubana. Kazi ya siku nzima! Aliyewahi kuzitumia aeleze, hata kama ziliharibika.

Mpenda Achari
Pole sana. Mimi kilichokuwa kinanikatia vitako ni kumimina kitu cha moto kwenye chupa baridi. Sasa nazipasha kwanza kwenye maji ya moto, na chini ya sufuria natandika kitambaa. Bado moja moja hupasuka, maana kioo chake ni chembamba, kimetengenezwa kwa safari moja. Ila kifuniko ndicho usikiamini. Kigeuze uone: ule utando laini wa ndani umeshabonyea kufuata mdomo wa chupa. Ukikifunga tena hakikai palepale, hewa inapita.

Jikoni Daima
Mimi nachagua zile ambazo mdomo wake unakubali kifuniko cha vipande 2, kisahani na pete. Pete narudia, kisahani kila mara kipya. Napitisha kidole mdomoni mwa chupa; ikiwa na pengo hata dogo, naiacha. Ikipoa nabonyeza katikati ya kifuniko. Kikirudi juu, hiyo inaingia kwenye friji na inaliwa kwanza.

Mhifadhi
Jamani, hayo yote ni ya jemu na achari. Mimi nilitia maharage kwenye chupa za mayonesi, nikaziweka kwenye sufuria ya presha: 3 kati ya 4 zikavunjika. Na msijaribu kukwepa presha kwa kuchemsha tu. Maharage, nyama na mboga hazina asidi ya kutosha, na mbegu za bakteria wa botulizimu hustahimili maji yanayochemka kwa nyuzi 100. Kuziua kunataka nyuzi 116 hadi 121, na hapo unafika kwa presha tu. Sumu yake unaweza usiione wala kuinusa, na inaua. Nyanya nazo ziko mpakani. Dada, ulitia maji ya limau? Vijiko 2 vikubwa kwa chupa ya lita moja.

Mwanzisha mada
Sikutia, na vitunguu niliweka vingi. Zile 3 zilizobana nazimwaga leo. Chupa nitazitilia sukari na viungo vikavu.