Kazi ya kwanza ya kufundisha Kiingereza Thailand: swali kutoka Kisauni

Kutoka: Kisauni, Mombasa

Assalamu alaikum, kaka na dada zangu mlio ughaibuni.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza mwenye shahada ya ualimu. Nimesajiliwa na Tume ya Huduma ya Walimu, na kwa miaka mitatu nimefundisha katika shule ya binafsi hapa Kisauni huku nikisubiri ajira ya serikali. Kuna wakala aliyeniahidi kazi ya kufundisha Thailand. Anasema niingie kwa viza ya utalii, kibali cha kazi kitashughulikiwa nikishafika, na anataka ada yake kabla ya mwisho wa mwezi. Mama yuko tayari kuuza mkufu wake ili nauli itimie, nami sitaki kuugusa kabla sijawauliza mliotangulia. Je, hiyo ndiyo njia ya kawaida?

Kutoka: Chonburi, Thailand

Wa alaikum salaam, mdogo wangu.

Mwambie mama aurudishe mkufu wake sandukuni. Niko huku tangu 2016, na niliingia kwa njia hiyo hiyo unayoelezwa. Shule iliyonipokea iliniingiza darasani siku ya tatu, ikaniambia kwamba kibali kinashughulikiwa, na miezi minne ikapita huku nikivuka mpaka na kurudi kila siku zangu zilipokaribia kwisha, kwa nauli yangu mwenyewe, ili nigongewe muhuri mpya. Muhula ulipofungwa sikulipwa mshahara wa mwezi wa mwisho. Sikuwa na pa kushtaki, kwa kuwa mgeni anayefanya kazi bila kibali amevunja sheria ya nchi yeye mwenyewe, na aliyeninyima haki yangu alilijua hilo vizuri kuliko mimi.

Njia iliyo sawa huanzia kwenu. Shule hukufanyia usaili ukiwa bado Mombasa, hukutumia mkataba pamoja na barua zake, nawe huomba viza iitwayo Non-Immigrant B katika ubalozi wa Thailand ulioko Nairobi. Viza hiyo kwa kawaida hukupa siku 90 za mwanzo, na katika siku hizo shule hukamilisha kibali cha kazi na ruhusa ya muda ya kufundisha kutoka Baraza la Walimu la Thailand, ambalo huku huitwa Khurusapha, ndipo idara ya uhamiaji ikuongezee muda wa kukaa. Wapo waliobadilisha viza wakiwa ndani ya nchi na wakafaulu, lakini walikuwa mikononi mwa shule iliyotimiza ahadi, na wewe bado huijui hata shule yenyewe. Muulize huyo wakala jina la shule na mkoa ilipo, kisha uipigie simu mwenyewe. Akikataa kukutajia, mazungumzo yenu yameishia hapo.

Nasema hivyo kwa hofu ya kweli. Mwaka 2022 Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya iliwaonya vijana wetu kuhusu ajira za uongo za Thailand, kwa sababu waliopokewa vizuri uwanja wa ndege wa Bangkok walikuwa wakisafirishwa kwa gari kiasi cha kilomita 500 hadi mji wa Mae Sot, wakavushwa mto Moei na kuingizwa Myanmar, ambako walinyang'anywa pasipoti na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Mnamo Februari 2025 maelfu ya watu wa mataifa mengi walitolewa katika kambi za eneo la Myawaddy, na Wakenya walikuwemo. Kila nikisikia wakala anaharakisha malipo na hataki kutaja shule, moyo wangu huenda kwenye barabara hiyo.

Huenda ukajiuliza kwa nini usijaribu Korea Kusini, ambako mishahara ni mizuri zaidi. Viza yao ya walimu wa lugha, E-2, kwa somo la Kiingereza hutolewa kwa kawaida kwa raia wa Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Umahiri wako hauulizwi kabla ya pasipoti yako, na jambo hilo huniumiza kila mara, kwa maana tumesomeshwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi. Thailand huwakubali walimu wa mataifa mengine, ila shule nyingi hututaka tuthibitishe lugha kwa mtihani kama TOEIC, ambao alama zake za juu kabisa ni 990, na nyingi huomba angalau 600. Mishahara yetu pia huanza chini ya ile ya Waingereza na Wamarekani. Mimi nilianza kwa baht 22,000 kwa mwezi. Liweke hilo katika hesabu kabla hujakopa.

Sasa vyeti, na hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu ndipo watu wa Pwani tunapokwama zaidi. Toa shahada yako, cheti cha kuzaliwa na pasipoti, vitandaze mezani, ulinganishe jina herufi kwa herufi. Majina yetu huandikwa na kila karani kwa sikio lake: Fatma huku ni Fatuma kule, Mwanaisha akawa Mwanaaisha, na jina la babu likaachwa kabisa. Karani wa Thailand, ambaye anayasoma majina hayo kwa mara ya kwanza maishani mwake, ataona watu wawili. Kama kuna tofauti, nenda kwa wakili ukaape hati ya kiapo mapema. Omba Cheti cha Tabia Njema kupitia eCitizen, kisha upeleke alama za vidole. Usikichukue mapema mno, kwa kuwa waajiri hutaka kilicho kipya. Chuo kikuandikie barua ya kuthibitisha kwamba shahada ni yako. Yanayohitaji muhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi yakusanye yote, upande treni pale Miritini mara moja, uyamalize Nairobi kwa safari moja. Kuyatafuta ukiwa huku hugharimu pesa na miezi.

Mwaka wa shule huku huanza katikati ya Mei, na muhula wa pili huanza mwishoni mwa Oktoba au mapema Novemba, kwa hiyo shule huajiri zaidi Machi, Aprili na Oktoba. Usaili huwa kwa video, nasi tumewatangulia kwa saa nne: wakikwambia saa tatu asubuhi, kwako ni saa kumi na moja alfajiri. Watakutaka ufundishe somo fupi la majaribio. Usiwahutubie. Chagua jambo dogo, uwafanye wanafunzi waseme wao kuliko wewe. Mimi ningechagua matamshi, kwa sababu Kithai hakina sauti ya th wala ya dh, nasi tumezaliwa nazo katika thelathini na dhahabu. Unajua ulimi unakaa wapi, na unaweza kumwonyesha mtoto. Mtu aliyejifunza Kiingereza darasani anajua pia kanuni alizofundishwa, na hilo liseme bila haya.

Kutoka: Bangkok

Dadangu, naongeza machache juu ya aliyoyasema kaka. Wakala yeyote anayepeleka watu nje anatakiwa awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Hakikisha kwao wenyewe, usitosheke na karatasi iliyotundikwa ukutani mwake. Kuhusu hijabu, uliza waziwazi katika usaili. Mimi nilikataliwa na shule mbili, ya tatu ikanikubali bila neno. Utaambiwa kwamba mikoa ya Pattani, Yala na Narathiwat ina Waislamu wengi na shule za Kiislamu zinazotafuta walimu wa Kiingereza, nalo ni kweli, lakini tangu 2004 kuna mashambulizi ya silaha huko, kwa hiyo usisaini mkataba wa mikoa hiyo kabla hujazungumza na mwalimu mgeni anayeishi pale. Ukifika, jiandikishe katika ubalozi wa Kenya hapa Bangkok.

Kutoka: Kisauni, Mombasa

Nawashukuru sana, kaka na dada. Jana nilimuuliza wakala jina la shule. Alisema ni siri ya kampuni, nami nikaondoka. Nimevitandaza vyeti kama nilivyoagizwa: shahada imeacha herufi moja ya jina la baba. Jumatatu nitakwenda kwa wakili kuapa.