Familia ya Mlalo: Ujenzi wa Nyumba ya Bibi

Jumamosi

Zuhura, 1:12 asubuhi: Assalaam alaykum ndugu zangu. Leo ni siku ya nne tangu niombe maoni kuhusu kiwanja, na waliojibu ni wawili kati ya watu 21. Fundi anataka kuchimba msingi Jumatatu, nami sikubali jembe liguse ardhi ile kabla hatujajua tunajenga juu ya udongo gani.

Juma, 1:40 asubuhi: Shikamoo Shangazi. Nilichimba mashimo kama ulivyoagiza. La juu, karibu na barabara, lina udongo mwekundu hadi futi tano bila kubadilika. La pale tambarare lina udongo mweusi uliochanganyika ovyo na mawe, na kwenye futi ya nne nimekuta gogo lililooza.

Zuhura, 1:43 asubuhi: Marahaba. Na maji je?

Juma, 1:51 asubuhi: Nililowesha mashimo usiku kucha, alfajiri nikajaza tena na kupima kwa rula. Juu yalishuka sentimita 6 kwa nusu saa. Tambarare yalishuka sentimita 1, kisha yakaanza kupanda yenyewe.

Mjomba Hemedi, 3:20 asubuhi: Kama yanapanda yenyewe, tuache nyumba tufuge samaki.

Rehema, 3:22 asubuhi: Mjomba, mimi naomba kitoweo cha kwanza.

Zuhura, 3:30 asubuhi: Mjomba, nakuheshimu, lakini karo la maji taka likijengwa pale halitanyonya, na masika yakianza yatafurika na kuteremka hadi kijitoni wanakochota jirani zetu wa chini. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka kingo za kijito. Juma amepima kwa kamba akapata 38. Wala tusidhani kwamba kunyonya upesi mno ni salama, kwani maji yanayotoweka kwa dakika moja huwa yanapita kwenye nyufa za mwamba bila kuchujwa.

Mjomba Hemedi, 3:41 asubuhi: Huko juu udongo ni mchachu, hauoti hata mchicha, na Bibi anataka bustani.

Zuhura, 3:48 asubuhi: Bustani ikae tambarare, kwa matuta ya kontua, yaani yanayofuata usawa wa ardhi, yenye majani ya guatemala ya kushika udongo kwenye kingo. Huko juu fundi aweke kando ule udongo mweusi wa juu, usiozidi kiganja, asije akaufukia chini ya mwekundu kama alivyofanya kwa Rehema. Wala asiegemeze ukuta wowote kwenye kifusi alichokata mwenyewe.

Salimu, 5:15 asubuhi: Huko juu ndiko ilikokuwa mikaratusi. Visiki vinaoza, na mizizi iliyokuwa ikishika ukingo ule inaoza pamoja navyo. Nani aliikata, na fedha za mbao zilikwenda wapi?

Mjomba Hemedi, 5:19 asubuhi: Salimu, jambo hilo lilimalizwa mbele ya wazee.

Salimu, 5:20 asubuhi: Lilinyamazishwa, Mjomba.

Juma, 8:05 mchana: Babu Mbwana amesomewa yote, naye ameniamuru niandike hivi: «Wajukuu zangu, nilipokuwa mtoto tambarare hiyo haikuwapo. Palikuwa mteremko kama kwingine. Mvua ilinyesha siku saba, na usiku wa nane mlima ukashuka. Gogo hilo ni la zizi la baba yangu, na ng'ombe wake watatu wamo humo hadi leo. Baba alisema pawe pa migomba tu.»

Mjomba Hemedi, 12:34 jioni: Baba, tumekusikia. Tambarare hapajengwi.

Zuhura, 12:50 jioni: Ahsante Babu. Mwezi Desemba 2023 tope la Mlima Hanang lilipoingia Katesh likaua watu zaidi ya 80, nasi humu tuliombeana dua tu. Basi nyumba ikae juu, mbali na ukingo wa mikaratusi. Nani atampeleka mhandisi wa halmashauri akaukague?

Zuhura, 2:15 usiku: Nauliza tena, nani atampeleka?

Salimu, 2:40 usiku: Nitampeleka mimi, hesabu ya mbao ikishawekwa hapa.

Jumapili

Athumani, 4:10 usiku: Samahanini, sijapata nafasi ya kusoma yote. Lori la mawe nililolipia linafika kesho alfajiri, na dereva anauliza amwage juu au tambarare.

Zuhura, 4:11 usiku: Amwage kando ya barabara.